Saladi Inapokataa Kustawi Uani: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo katika Bustani za Tanga

Katika nchi za baridi kali, mtu anayetaka kula saladi mbichi wakati theluji iko nje hujenga sanduku la mbao lisilo na kitako, hulielekeza kwenye jua na kulifunika kwa kioo, ili joto la mchana linaswe ndani na liikinge miche usiku. Miaka kadhaa iliyopita nilikiiga kifaa hicho kwa vipimo vyake vyote katika ua wa nyumba yangu hapa Tanga, mwezi wa Julai, nikidhani kwamba kwa kuwa ni kipupwe na watu wanajifunika shuka usiku, basi nasi tunayo baridi inayostahili kioo. Siku ya tatu, ilipofika saa tano asubuhi, kipimajoto nilichokiweka ndani kilionyesha nyuzijoto 47, na miche ya letusi iliyokuwa imechipua kwa taabu ilikuwa imelala juu ya udongo kama mchicha uliokwisha kutiwa sufuriani. Nilikiondoa kioo, nikatandika makuti mahali pake, na sanduku lile lile likaanza kufanya kazi iliyo kinyume cha ile lililobuniwa kwayo: likawa linatunza ubaridi.

Maelezo yanayofuata yanahusu sanduku hilo la pwani, yaani tuta lililoinuliwa kwa kuta za tofali au mbao hadi sentimita 25 au 30, lenye fremu ya mianzi juu yake ya kubeba makuti au wavu wa kivuli, pamoja na karatasi ya nailoni inayotandazwa mvua kubwa inaponyesha na kukunjwa mara inapokatika. Msimu wake mzuri huanza masika yanapopungua mwishoni mwa Mei na kuendelea hadi Septemba, kwa sababu katika miezi hiyo usiku hushuka hadi karibu nyuzijoto 20 na mchana hauzidi sana 28 au 29, ilhali Februari, kaskazi inapovuma, mchana hupita 32 na udongo ulio wazi huwa moto zaidi ya hewa. Mahali pazuri pa kuliweka ni upande wa mashariki wa ukuta, lipate jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Anayefuata maelekezo ya nchi za kaskazini ya kuligeuza sanduku lielekee kusini akumbuke kwamba mwezi wa Julai jua la adhuhuri la Tanga hupita upande wa kaskazini wa utosi.

Tatizo linapotokea, jizuie kwanza kwenda duka la pembejeo. Tazama ni majani yapi yaliyoathirika, machanga ya katikati au makuukuu ya pembeni. Tazama ni saa ngapi dalili inapoonekana. Na tazama ni upande gani wa tuta ulioanza. Kwa kadiri nilivyoona katika bustani yangu na za majirani, sehemu kubwa ya maradhi ya saladi mjini hapa hutoka katika joto, chumvi na chokaa, mambo ambayo hayana dawa ya kupulizia.

Mbegu hazioti

Mbegu ya letusi, ambayo sokoni wengi huiita saladi tu, hupenda kuota katika nyuzijoto 15 hadi 20. Udongo ukizidi takribani 27 au 28, nyingi miongoni mwake hujifunga na kulala, na zikishalala haziamki upesi hata ukizimwagilia kwa wiki mbili. Hazijafa, na mwenye duka hakukudanganya. Njia rahisi ya kujua kama joto ndilo chanzo ni kupanda mstari mmoja wa figili kando ya letusi siku hiyo hiyo, kwa kuwa figili haijali joto na huchomoza ndani ya siku tatu hadi tano. Figili ikiota na letusi isiote, lawama yaelekea kuwa ya joto; zote mbili zikikataa, tafuta sababu katika maji, katika gamba gumu la udongo au kwa sisimizi.

Tiba ya joto ni kuzidanganya mbegu. Zitandaze juu ya kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani, zifunike, ziweke katika sehemu ya chini ya friji kwa siku mbili, kisha zitoe ukae nazo mahali penye ubaridi, kwa mfano sakafuni karibu na mtungi wa maji, hadi uone ncha nyeupe zikichungulia. Hapo zisie jioni, baada ya saa kumi na moja, katika udongo uliomwagiwa maji mapema na kutiwa kivuli tangu asubuhi. Jioni ina maana yake, hasa kwa anayesia mbegu kavu: saa za kwanza ambapo mbegu inafyonza maji ndizo zinazoamua kama itaamka au italala, na ukisia asubuhi saa hizo zitaangukia adhuhuri. Usizifukie kwa kina, kwani aina nyingi za letusi huhitaji mwanga ili ziote. Vumbi jembamba la mboji juu yake latosha.

Sisimizi nao wana alama yao. Mbegu za letusi ni nyepesi, na mstari wa sisimizi waweza kuhamisha kitalu kizima usiku mmoja, hivyo ukichimbua kwa ncha ya kijiti siku ya pili hukuti hata ganda. Kusia katika trei iliyoinuliwa juu ya vikopo vinne vyenye maji hulimaliza jambo hilo. Mwisho ni umri wa mbegu: unyevu wa hewa ya pwani huzeesha mbegu haraka, na pakiti iliyofunguliwa ikaachwa kabatini jikoni huenda isifike msimu wa pili. Mimi huzitia katika chupa yenye kifuniko cha kubana, pamoja na vijiko viwili vya mchele uliokaushwa kikaangoni na kuachwa upoe, kisha chupa huingia friji.

Miche inaanguka

Mche ulioota vizuri ukilala ghafla, upinde mgongo na utazame shingo yake pale inapokutana na udongo. Ikiwa imenywea, imekuwa nyembamba kama uzi na ina rangi ya kahawia ya majimaji, hicho ni kinyaushi, ugonjwa wa vimelea vya ukungu vinavyoishi udongoni na kushamiri panapokuwa na maji yaliyotuama, miche iliyobanana na hewa isiyotembea. Karatasi ya nailoni iliyosahaulika juu ya fremu baada ya mvua kukatika ndiyo rafiki mkubwa wa kinyaushi. Miche iliyokwisha kuanguka haifufuki. Ing'oe pamoja na udongo unaoizunguka, punguza ile iliyobaki hadi kila mmoja upate nafasi ya vidole viwili, mwagilia asubuhi tu, na nyunyiza mchanga mkavu wa mtoni juu ya uso wa kitalu ili shingo zikauke haraka. Usitumie mchanga wa ufukweni, kwa sababu utakazozikuta katika sehemu ya chumvi hapa chini.

Ikiwa shingo imekatwa wazi, kama kwa wembe, na kichwa cha mche kimelala kikiwa bado kibichi, aliyekata ni sota, kiwavi anayejificha udongoni. Chimba kwa kidole kina cha sentimita mbili au tatu karibu na kisiki na utamkuta amejikunja kama pete, wa rangi ya udongo. Mtoe, na uzungushie kila mche ulio jirani kipande cha karatasi ngumu kilichozamishwa kidogo udongoni.

Majani yananyauka

Letusi inayolegea saa nane mchana na kusimama tena magharibi haiumwi. Majani yake yanapoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta, na mahitaji yake ni kivuli zaidi kati ya saa tano na saa kumi. Wengi hukosea hapa kwa kuiongezea maji mchana na jioni hadi mizizi ikaoza, na hapo mnyauko wa kweli ukaanza.

Kipimo cha haki ni alfajiri. Nenda bustanini kabla jua halijachomoza: mmea ulionyauka saa hiyo una tatizo la mizizi, na hakuna njia ya kulijua ila kuutoa mhanga mmoja, kuung'oa na kuuosha. Mizizi ya kahawia inayochubuka ngozi ukiivuta ni ya maji yaliyotuama. Chimba shimo la sentimita 30 karibu na tuta na ulijaze maji. Yakiwa bado yapo baada ya saa chache, uinue tuta au uchimbe mfereji wa kuyaondoa. Mizizi yenye vifundo kama shanga zilizotungwa vibaya ni ya minyoo fundo, ambao hawaonekani kwa macho na hupenda udongo wetu wa kichanga. Mizizi myeupe na mizima katika udongo ulio mkavu ndani ingawa umelowa juu huonyesha kwamba mboji au makumbi yaliyosagwa yalikauka kupita kiasi na sasa yanayakataa maji. Mwagilia kidogo kidogo mara tatu, ukipumzika robo saa kila mara, na udongo utakubali tena.

Kwa minyoo fundo, kile kifuniko cha nchi za baridi ambacho kiliniulia miche mwezi wa Julai kina kazi yake halali mwezi wa Februari. Tuta likiwa tupu, lilainishe, lilowanishe vizuri, litandike karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, ifukie kingo zake kwa udongo na uache jua la kaskazi lipike kwa wiki nne hadi sita. Sentimita chache za juu hupata joto linaloua minyoo mingi, mbegu za magugu na vimelea vya kinyaushi pamoja. Walio chini zaidi hubaki, kwa hiyo zoezi hurudiwa kila mwaka.

Kingo za majani zinaungua

Hii ndiyo dalili iliyonisumbua kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote, kwa sababu vyanzo vinne tofauti huacha alama zinazofanana kwa mtu anayetazama akiwa amesimama.

Chuchumaa. Ikiwa zilizokauka ni kingo za majani makuukuu ya nje, zikiwa za kahawia na zenye kuvunjika kama karatasi, huku udongo ukionyesha utando mweupe pale unapokaukia ukutani mwa tuta, hiyo ni chumvi. Ikiwa majani ya nje ni mazima lakini ncha za majani machanga ya katikati zimekuwa nyeusi na laini, hiyo ni kalisiamu isiyofika kwenye majani hayo. Ikiwa upande mmoja tu wa tuta umeungua, na ndio unaotazama bahari, hiyo ni kusi, upepo ambao huku Raskazone na maeneo mengine yaliyo karibu na maji hubeba marasharasha ya chumvi na kuyatupa juu ya majani. Na ikiwa mimea yote imebabuka ndani ya siku chache baada ya kutiwa mbolea, uliweka samadi mbichi, hasa ya kuku.

Kuhusu kalisiamu, wengi husikia jina hilo wakakimbilia kununua chokaa. Ardhi ya Tanga imekaa juu ya miamba ya chokaa. Mapango ya Amboni yamo katika miamba hiyo, na saruji inayotengenezwa Pongwe hutokana nayo. Kalisiamu udongoni ipo tele. Husafiri ndani ya mmea kwa kubebwa na maji, na majani machanga yaliyojificha katikati hupitisha maji kidogo, hivyo hukosa mgao wao pale umwagiliaji unapokuwa wa leo mafuriko kesho ukame, au pale mmea unapokua kwa pupa kwa sababu ya mbolea nyingi ya naitrojeni katika siku za joto. Tiba ni maji ya kiasi kile kile kila asubuhi, kivuli, na kupunguza mbolea.

Chumvi ina milango kadhaa ya kuingilia. Mlango wa kwanza ni kisima: visima vya karibu na pwani huwa na maji yanayobadilika, matamu kiasi baada ya masika na yenye chumvi zaidi kadiri kiangazi kinavyoendelea. Chukua sufuria ndogo nyeupe, chemsha lita moja ya maji hayo hadi yakauke kabisa, kisha utazame utando uliobaki. Tia matone ya siki juu yake. Ukitoa vipovu, una chokaa ndani. Usipotoa na ukawa na ladha ya chumvi kwenye ncha ya ulimi, umempata mwizi. Mara nyingi utakuta vyote viwili.

Mlango wa pili ndio ulionichukua msimu mzima kuugundua. Makumbi ya nazi ni kitu kizuri cha kulegeza udongo na kuhifadhi unyevu, na hapa hayana gharama, hivyo nilijaza nusu ya tuta kwa mabaki ya usumba niliyopewa na watu wanaosokota kamba. Letusi ikaungua kingo kuanzia wiki ya tatu, nami nikabadilisha maji, nikabadilisha mbegu, nikabadilisha hata mahali pa kivuli. Jirani yangu, bibi mmoja wa Makorora aliyezaliwa kijiji cha pwani, alikuja kuomba majani ya kotimiri, akachota konzi ya udongo ule, akanusa na kunirudishia mkononi. «Mwanangu, haya si makumbi yaliyofukiwa pwani haya? Yamelala ndani ya maji ya bahari miezi, wewe unayapa majani mabichi?» Alikuwa na haki. Makumbi ya kamba hufukiwa kwenye mchanga unaofikiwa na maji kujaa na kupwa ili yalainike, na chumvi hubaki ndani ya nyuzi zake. Tangu hapo nachukua makumbi ya nazi zilizofuliwa nyumbani, nayaloweka katika pipa la maji ya mvua kwa siku mbili, namwaga, na kurudia mara tatu.

Mchanga wa ufukweni ni mlango wa tatu, na una vipande vya kombe ambavyo huongeza chokaa juu ya chumvi.

Chumvi haiondolewi kwa dawa, huoshwa. Fungua kifuniko mvua ya kwanza ya vuli au ya masika inaponyesha na uiache ipite ndani ya tuta. Nje ya msimu wa mvua, mwagilia maji mengi matamu kwa mara moja hadi yatoke chini, badala ya kunyunyiza kidogo kidogo kila siku, kwa sababu kunyunyiza huacha chumvi juu kila maji yanapokauka. Maji ya paa ni hazina, na pipa moja lililowekwa chini ya mfereji wa bati hulisha tuta dogo kwa siku nyingi. Pale ambapo kisima ndicho pekee, achana na letusi, figili, karoti na vitunguu majani, ambavyo huumia mapema, upande viazisukari vyekundu kwa ajili ya majani yake pamoja na spinachi, maana jamii hiyo huvumilia chumvi kuliko nyingine zote za saladi.

Majani yanageuka manjano

Swali ni moja: manjano ilianzia chini au juu? Ikianzia kwenye majani makuukuu ya chini na kupanda, jani zima likipauka pamoja na mishipa yake, mmea una njaa ya naitrojeni, jambo la kawaida baada ya mvua za Aprili na Mei kuosha udongo wa kichanga. Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri inaitibu, na katika mji wenye ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba nyingi kama huu, samadi haitafutwi mbali. Wanaotumia masalia ya mkonge wasubiri yaoze hadi yawe meusi na yasiwe na harufu kali, kwani yakiwa mabichi vijidudu vinavyoyaozesha hula naitrojeni ile ile ambayo mmea unaihitaji.

Ikianzia kwenye majani machanga ya juu, na mishipa ikabaki ya kijani kama ramani ya mito juu ya karatasi ya manjano, mmea umekosa madini ya chuma. Chuma kimo udongoni, lakini chokaa imekifunga kisiyeyuke. Dalili ya nyumbani ya hali hii ni sabuni: maji ya kisima ambayo hayatoi povu wakati wa kufua ndiyo yanayoongeza chokaa kwenye tuta kila unapomwagilia. Mabaki ya saruji na lipu yaliyozikwa uani wakati wa ujenzi hufanya vivyo hivyo.

Hapa sina budi kusema neno juu ya majivu. Ni desturi njema katika mashamba yenye udongo mchachu kumwaga majivu ya jikoni, na wengi huyatumia pia kufukuza konokono na vidukari. Lakini majivu hutenda kazi kama chokaa, na kuyamwaga juu ya udongo wa Tanga mjini ni kumtilia chumvi aliyekwisha kunywa maji ya bahari. Yapeleke kwingine. Badala yake ongeza mboji kwa wingi kila msimu, mwagilia maji ya mvua kila uwezapo, na ukitaka nafuu ya haraka, nyunyiza majani kwa mbolea ya maji yenye madini ya chuma inayouzwa katika baadhi ya maduka ya pembejeo. Majani mapya yatatoka ya kijani ingawa chanzo kitakuwa bado hakijaondoka. Mwenye eneo kubwa la kutosha kuhalalisha safari anaweza kupima udongo kwa wataalamu wa kituo cha utafiti cha Mlingano, wilayani Muheza, ambacho utafiti wa udongo ni mojawapo ya kazi zake.

Uchungu, maua ya mapema na letusi isiyofunga

Mche ukirefuka katikati kama mnara, majani yakachongoka na utomvu mweupe ukatoka kwa wingi unapolikata jani, letusi imeamua kuzaa mbegu, na uchungu unaouonja umo katika utomvu huo. Vitabu vya nchi za mbali hulaumu urefu wa mchana. Kwetu mchana hauna makosa, kwa kuwa tofauti ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka hapa Tanga haifiki hata saa moja. Lawama yote ni ya joto, pamoja na kiu na kuchelewa kuvuna. Ukishauona mnara hakuna kuurudisha chini. Vuna yote asubuhi ile ile, alfajiri ikiwezekana, yaoshe na uyatie friji, na yatapungua ukali kidogo. Msimu ujao panda aina za majani yaliyoachana, vuna majani ya nje ukianza siku ya 30 hivi, na usie kitalu kipya kila baada ya wiki mbili badala ya kutegemea kimoja kwa miezi mitatu.

Kuhusu letusi inayofunga kama kabichi, naona ni heri kuiachia milima. Ile unayoikuta sokoni ikiwa imebana na baridi moyoni imeteremka kutoka Lushoto, ambako mji wenyewe uko karibu mita 1,400 juu ya bahari na usiku wa Julai hukaribia nyuzijoto 10. Kule hata sanduku la kioo lina maana, mradi lifunguliwe asubuhi jua linapokolea. Shemeji yangu anayeishi huko ndiye niliyempa kioo changu.

Figili inayotoa majani mengi bila mzizi ina kivuli kizito mno, imebanana au imelishwa samadi kupita kiasi; iachie nafasi ya vidole vitatu na uipe jua la asubuhi. Yenye mzizi wa sifongo ilichelewa kung'olewa, na hakuna la zaidi.

Matundu

Ute unaong'aa asubuhi ni wa konokono. Toka na tochi saa tatu usiku, waokote kwa mkono uliovaa mfuko wa nailoni na unawe vizuri baadaye. Vitundu vidogo vingi kama vya sindano kwenye figili na haradali ni vya vijidudu vyeusi wanaoruka ukivigusa, na kinga yake ni chandarua cha matundu madogo kilichofungwa kabla miche haijachomoza. Matundu makubwa yenye vinyesi vya kijani ni ya viwavi, na macho yako ndiyo dawa. Majani yaliyojikunja na kunata, huku sisimizi wakipanda na kushuka, yana vidukari upande wa chini. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo katika lita moja ya maji, kikipuliziwa jioni hadi kiwalowanishe wenyewe, huwamaliza, ila tumia maji ya mvua, kwa sababu sabuni ile ile isiyotoa povu kisimani haitaua kitu. Viuatilifu vikali sivitumii kwenye saladi kabisa. Jani linalovunwa kila siku na kuliwa bila kupikwa haliwezi kusubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa.

Miche iliyong'olewa na kulazwa juu ya udongo bila kuliwa ni kazi ya kunguru au kuku, na wavu huwatosha wote wawili.

Dalili inapoonekana kwa mlaji

Kuna tatizo moja lisiloonekana bustanini. Jani la saladi haliioni sufuria, na vyote vilivyolirukia hufika mezani pamoja nalo. Tumbo likiisumbua nyumba mara kwa mara baada ya kula saladi ya uani, chunguza mambo matatu kabla ya kulaumu samaki. Samadi, kwanza: iliyotiwa mbichi, au iliyotiwa juu ya tuta mboga zikiwa zimekwisha kuota, ina vijidudu vya utumbo wa mnyama, na kanuni ninayoifuata ni kuichanganya na udongo si chini ya miezi minne kabla ya mavuno. Pili, kisima kilicho karibu na choo, hasa wakati wa masika ambapo maji ya ardhini hupanda. Maji hayo yatamwagwa chini ya mmea, kamwe yasimwagwe juu ya majani. Tatu ni matone ya mvua yanayorusha udongo hadi kwenye majani ya chini, ambayo huzuiliwa kwa kutandaza nyasi kavu au makuti yaliyokatwakatwa chini ya mimea na kutupa majani mawili ya chini kabisa wakati wa kuvuna. Majani yaoshwe katika maji mengi yanayotiririka, na suuzo la mwisho liwe la maji yale yale ambayo ungethubutu kuyanywa.